Shajara ya mradi wa kijiko: siku 59 na mtoto aliyekataa kula

Siku ya 1

Jana tulitoka kliniki na kadi ambayo mstari wake umelala. Binti yetu ametimiza miezi 9, amechomwa chanjo ya surua na rubela, na uzito wake ni kilo 7.4, uleule aliokuwa nao alipotimiza miezi 8. Muuguzi alichora duara jekundu pale vitone viwili vilipokaa usawa mmoja, kisha akaniuliza, "Mama, huyu anakula nini?" Nikaanza kumtajia, na kadiri nilivyotaja ndivyo nilivyogundua kwamba nilikuwa nikieleza ninachopika, si anachokula mtoto.

Naanzisha shajara hii kama ninavyofungua daftari lolote ofisini, kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu na sijui njia nyingine ya kulikabili jambo linalonishinda. Hali ilivyo leo ni hii. Kila Jumapili napika vyakula vya wiki nzima, navisaga kwa blenda hadi viwe laini kabisa, na kuvigawa katika vikopo vinavyokaa kwenye friza: mtori wa ndizi na nyama, viazi na karoti, boga na maharage. Asubuhi kuna uji wa lishe wa mchanganyiko wa aina saba za nafaka na mbegu, unaouzwa shilingi 4,500 kwa kilo, nami niliuchagua kwa sababu saba ilionekana kuwa nyingi kuliko tano. Binti hufumba midomo, hugeuza uso kuelekea dirishani, na kijiko kikimfuata huko hukipiga kwa mgongo wa mkono. Anachokipokea bila masharti ni ziwa peke yake.

Lengo: ndani ya siku 60 awe anakunywa kikombe kizima cha uji asubuhi na kumaliza bakuli moja mchana na jingine jioni. Kipimo: idadi ya vijiko vilivyomezwa. Nimepiga mistari ya safu tano, yaani saa, chakula, vijiko vilivyotolewa, vilivyomezwa na vilivyotemwa.

Siku ya 4

Hesabu ya siku tatu: vijiko 61 vilitolewa, 14 vikamezwa, vingine viko kwenye pazia, kwenye kanga yangu na kwenye nywele za dada anayetusaidia kazi.

Siku ya 6

Mama mkwe amewasili kutoka Magu. Alitazama mlo mmoja kwa utulivu, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mtoto nikiimba na kukifanya kijiko kuwa ndege, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto habembelezwi kwa chakula. Analishwa." Akamchukua, akamlaza pajani, akaibana mikono yake yote miwili kwa mkono wake wa kushoto, na kiganja cha kulia akakikunja chini ya midomo ya mtoto kama kikombe kidogo. Mtoto alipopanua kinywa ili alie, uji ulimiminika ndani. Akinyamaza, anapewa pumzi mbili. Akilia, anamiminiwa tena. Baba yake, ambaye ana mabega ya mbeba magunia, alikuwa amesimama mlangoni, na mama mkwe akamwonyesha kwa kidevu: "Yule pale nilimlea hivihivi."

Kwa dakika kumi kikombe kilikwisha, nami nakiri kwamba nilifurahi na kuandika "kikombe kizima" kwa wino wa kijani. Kabla wino haujakauka mtoto alipaliwa, macho yakamtoka, akakohoa kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, kisha akatapika uji wote pamoja na maziwa aliyonyonya alfajiri.

Siku ya 7

Leo ameanza kulia alipoona bibu tu, kabla chakula hakijafika mezani. Ule mstari wa kijani nimeukata. Kumweleza mama mkwe ana kwa ana ni jambo lisilowezekana kwangu, kwa hiyo mwanawe ndiye aliyekaa naye jioni barazani na kumweleza kwamba mtoto anayelia huku akimiminiwa uji anaweza kuuvuta hadi kwenye mapafu. Sikusikia jibu lake, ila asubuhi alinisalimu vizuri.

Siku ya 9

Kabla ya kuendelea kushughulikia chakula nimeona ni busara kumshughulikia mlaji, nikampeleka kwa daktari. Alimwangalia masikio, koo na kinywa kwa ajili ya utando mweupe, ambao haukuwepo. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono ulisoma sentimita 13.1, ambayo iko kwenye kijani, yaani salama, kwa kuwa njano huanzia chini ya sentimita 12.5 na nyekundu chini ya 11.5. Fizi za juu zimevimba na meno mawili yako njiani. Kilichobaki ni damu: himoglobini gramu 10.2 kwa desilita, upungufu mdogo lakini ni upungufu.

Daktari alinieleza kwa lugha niliyoielewa upesi, ya akiba na matumizi. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, akiba hiyo huanza kwisha anapokaribia miezi 6, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo mno kuweza kuijaza tena. Chakula ndicho kinachopaswa kuijaza, naye hali. Na upungufu wa damu wenyewe humpunguzia mtoto hamu ya kula, kwa hiyo deni linazaa deni. Ameandikiwa dawa ya maji ya kuongeza damu, kipimo chake kikikokotolewa kwa uzito, na tumekatazwa kumpa chai, hata ile ya maziwa ambayo mama mkwe alikuwa ameanza kuchovyea chapati, kwa sababu chai huzuia chuma kisifyonzwe vizuri.

Siku ya 12

Leo nimefanya ukaguzi wa hesabu, na aliyekutwa na hoja ya ukaguzi ni mimi.

Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya kwa kiwango cha wastani anahitaji takriban kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Nilichukua mzani wa jikoni nikapima unga ambao huwa tunautia kwenye lita moja ya maji: gramu 80. Unga wa nafaka hutoa takriban kilokalori 350 kwa gramu 100, kwa hiyo sufuria nzima ya uji wetu, lita nzima, ina kilokalori 280. Tumbo la mtoto hukadiriwa kubeba gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, ambazo kwa huyu wetu ni gramu 222 kwa mlo mmoja. Ina maana kwamba hata kama angekuwa mtiifu kama askari na kunywa uji hadi tumbo lijae, angepata kilokalori 62 tu, sehemu kubwa ya tumbo ikiwa imejaa maji yaliyochemka. Nimekuwa nikimlazimisha mtoto kujaza tumbo kwa kitu ambacho hakina cha kumpa.

Hoja ya pili ya ukaguzi inahusu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 za kazi kwa siku kumnyonyesha mtoto, nami nazitumia vizuri: natoka ofisini saa sita, nafika nyumbani, namnyonyesha papo hapo kwa sababu matiti yamejaa na mtoto ananililia, kisha baada ya dakika kumi namkalisha mbele ya bakuli na kushangaa kwamba hana njaa. Kuanzia kesho chakula kinatangulia kidogo, ziwa linafuata.

Siku ya 13

Hoja ya tatu: baba yake humnunulia juisi ya boksi na biskuti wanapotembea jioni hadi dukani. Amekiri. Imefungwa.

Siku ya 16

Nilikuwa na mafua nikabaki nyumbani, na kwa mara ya kwanza nikauona mlo wa saa nne asubuhi kama unavyotokea nisipokuwepo. Dada huupika uji saa kumi na mbili na nusu, huumimina katika chupa ya chai ili usipoe, na kwa kuwa chupa hiyo ndiyo hiyo jioni tunayoitia chai ya tangawizi, huisuuza kwanza. Saa nne alinimiminia na mimi kikombe, kwa ukarimu tu, akidhani dawa ya mafua ni kitu cha moto. Niliunywa nikakunja uso. Ulikuwa na ukali wa tangawizi, harufu ya mpira wa kizibo, na mwishoni uchachu, kwa sababu uji uliokaa saa tatu na nusu katika joto lisilotosha kuua vijidudu unaanza kuchacha.

Kwa miezi mitatu sikuwahi kuuonja uji huo katika saa aliyopewa mtoto. Nilikuwa nauonja ukiwa jikoni, mpya, nikiwa nimeridhika. Sikumlaumu dada, kwa kuwa chupa hiyo nilimkabidhi mimi.

Siku ya 17

Uji mzito, uliopikwa saa nne hiyohiyo, umewekwa kwenye kikombe kipya. Amefumba midomo. Naandika hivyo kwa sababu jana usiku nilikuwa nimeshamtangazia mume wangu kwamba fumbo limefumbuliwa.

Muuguzi wa kliniki, nilipomuuliza kuhusu ule unga wa aina saba, alisema angependa niuache hata kama mtoto angekuwa anaupenda. Mchanganyiko wa vitu vingi haumwonyeshi mtu kipi kinamdhuru mtoto. Soya isiyokaangwa vizuri huzuia protini isimeng'enywe. Na karanga na mahindi yaliyosagwa pamoja bila kujua yalihifadhiwa wapi ni njia nyepesi ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kuingia kwenye kikombe cha mtoto. Alinikumbusha ya mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walipokufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Aina mbili au tatu ninazozijua zinatosha, alisema, kisha nyama, samaki, yai au mboga viwe vyakula vyenyewe, si vumbi ndani ya uji.

Siku ya 20

Tukio la leo nalieleza kwa urefu kwa sababu hakuna safu inayolitosha.

Saa saba mchana mtoto alikuwa ameshakataa viazi vyake, nami nikawa nimechoka, nikamweka mkekani bila bibu wala bakuli. Dada aliketi pembeni na sinia lake la ugali na sato wa mchuzi wa nyanya, akala kama anavyokula mtu mwenye njaa, bila kumtazama mtoto. Mtoto alitambaa. Akafika kwenye ukingo wa sinia, akatulia akitazama mkono wa dada unavyomega, unavyofinyanga, unavyobonyeza kidole gumba kuweka kishimo, unavyochovya. Kisha akanyoosha mkono wake, akang'oa kipande cha ugali kikubwa kama shanga ya tasbihi, akakifinya mpaka kikatokeza kati ya vidole, akakitia mchuzini pamoja na vidole vyote vinne, akaviingiza kinywani hadi kwenye fundo la kiganja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya kazi. Alinyonya, akatoa vidole akavikagua, akarudi kwenye sinia.

Dada alitaka kumsogezea samaki. Nikampa ishara aache. Nilitoa miiba kwa vidole, nikaivunja nyama vipande vidogo, nikaviacha tu ukingoni pasipo kumpa. Alikula vitatu. Sijui ni sawa na vijiko vingapi na sikuandika kitu.

Siku ya 21

Nimezifuta safu tatu za vijiko. Badala yake kuna: kilichowekwa mbele yake, saa, na alikigusa au hakukigusa.

Utaratibu mpya tumeukubaliana sote nyumbani, mama mkwe akiwa ameketi nasi. Sisi tunaamua chakula gani, saa ngapi na wapi; yeye anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Anawekewa sinia lake dogo pamoja nasi, chakula chetu sote kikipakuliwa kabla ya kutiwa chumvi na pilipili. Hakuna anayemsifu akila, hakuna anayemsikitikia asipokula, na baada ya nusu saa sinia linaondolewa. Kijiko kipo, ila anakishika yeye.

Wazo hili si geni kama nilivyodhani. Daktari Clara Davis wa Marekani alichapisha mwaka 1939 maelezo ya watoto 15 walioachiwa kujichagulia chakula tangu walipoanza kuachishwa ziwa. Wauguzi waliketi kimya, na kijiko hakikwenda kinywani mpaka mtoto mwenyewe aelekeze mkono kwenye sahani. Watoto hao walikua vizuri, ingawa mmoja alikula hiki na mwingine kile. Wanaomtaja mara nyingi husahau jambo ambalo Davis mwenyewe alilisisitiza, kwamba hakukuwa na sukari wala vyakula vya makopo kati ya vyakula vilivyowekwa mbele yao. Mtoto alichagua, lakini mtu mzima alishachagua kabla yake. Ndiyo maana boksi la juisi halirudi.

Siku ya 24

Kipande cha kiazi kilimfika nyuma ya ulimi. Akatoa ulimi nje, akatoa sauti ya kutaka kutapika, machozi yakamlengalenga, kikarudi mbele, akakitafuna tena. Mama mkwe alisharuka. Jioni tulikaa na kulitofautisha jambo hili: anayekohoa na kutoa sauti anajitetea mwenyewe na aachwe akitazamwa, anayenyamaza kimya, asiyeweza kulia wala kuvuta hewa, huyo ndiye aliyekabwa, naye analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, anapigwa kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara 5, kisha anageuzwa na kubonyezwa kifuani mara 5. Tumefanya mazoezi kwa mwanasesere. Karanga nzima, bisi na zabibu hazikanyagi mkekani mwetu, na asali inasubiri mpaka atimize mwaka.

Siku ya 26, 27 na 28

Homa, kisha meno mawili yakatokeza. Ziwa tu. Sinia lilikuja na kuondoka. Nilihesabu nepi zenye mkojo badala ya chakula, zikawa zinatosha.

Siku ya 30

Kliniki: kilo 7.5. Ni gramu 100 tu kwa mwezi mzima, lakini kitone kimepanda.

Siku ya 34

Dagaa wa kwanza niliwanunua mtaani, nikawachambua, nikawakaanga bila mafuta na kuwatwanga, binti akaonja na kutoa ulimi. Nilipoonja mwenyewe, jambo ambalo sasa ni desturi, nilisikia mchanga menoni. Walikuwa wameanikwa chini. Siku iliyofuata nilikwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nikatafuta waliokaushwa kwenye chanja, nikalipa zaidi kidogo, nikawatwanga na kuwachekecha mara mbili. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya ndizi zilizopondwa kwa uma, si kwa blenda, kikapita bila mjadala.

Naandika "si kwa blenda" kwa makusudi. Vikopo vyangu vya Jumapili vilikuwa vyote vya rangi ya kahawia na vya ulaini mmoja, na mtoto asingeweza kutofautisha boga na nyama hata angetaka. Sasa anakijua kiazi lishe kwa rangi yake ya machungwa kutoka upande wa pili wa mkeka, naye hukiendea kwanza. Ini la kuku analipokea likiwa limepondwa na ugali laini, nasi tunampa mara moja kwa wiki.

Siku ya 45

Mchicha: umewekwa mbele yake mara 11 tangu siku ya 21. Mara ya kwanza hadi ya 4 hakuugusa. Ya 5 aliushika akaupaka magotini. Ya 6 hadi ya 9 aliutia kinywani na kuutoa. Ya 10 aliumeza, labda kwa bahati mbaya. Leo, ukiwa umekamuliwa ndimu, aliumeza kisha akaangalia kama kuna mwingine. Wataalamu wa lishe husema mtoto huhitaji kukutana na chakula kipya mara 8, 10 au hata zaidi kabla hajakikubali. Mimi katika miezi yangu mitatu ya kwanza nilikuwa nakiondoa chakula katika orodha kikikataliwa mara mbili.

Siku ya 48

Mama mkwe amerudi kutoka Magu, alikokwenda wiki moja, na mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Aliichemsha, akaketi mkekani, akaanza kula peke yake polepole, akiisifia kwa Kisukuma kana kwamba hakuna mtu mwingine chumbani. Baada ya dakika tatu mjukuu wake alikuwa amesimama akiwa ameshikilia bega lake, kinywa wazi. Mama mkwe akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Sikusema neno, naye hakusema.

Siku ya 59

Kliniki ya miezi 11: kilo 7.9. Damu: 11.3. Muuguzi alipitisha kalamu kutoka kitone hadi kitone na safari hii hakuchora duara. Bado yuko chini ya mstari wa katikati, ambao kwa msichana wa umri huu uko karibu na kilo 8.7, lakini mstari wake unakwenda sambamba na ile iliyochapishwa.

Kwa kigezo nilichokiandika siku ya kwanza, mradi huu umeshindwa. Binti hajawahi kunywa kwa hiari yake kikombe kizima cha uji, wala nusu yake, wala kijiko kimoja tangu siku ya 17. Akikiona kikombe kile huelekeza uso dirishani kama zamani. Bakuli la mchana halimalizi isipokuwa siku za samaki. Juzi alikula yai zima, jana alikula tonge mbili na kulala.

Vikopo vya friza sasa vina barafu. Kilo 3 za unga wa aina saba zilizobaki sikuwapa hata kuku, na chupa ya chai imerudi kwenye tangawizi yake.